Anatoli Nzeyimana na Uso wa Kituo cha Kumi

Baba Padre, makatekista, wazee wetu wa Ngara, wageni wetu mliotoka Biharamulo, majirani na ninyi nyote mlioacha majembe shambani ili mje kutusitiri, poleni kwa safari na poleni kwa msiba huu ambao ni wetu sote. Mimi ni Benedicta, mdogo wake marehemu, nimetumwa na ukoo kuwasomea maisha ya kaka yangu, na kabla sijaanza niwaambie kwamba jana ukoo ulikaa kikao, na baadhi ya wazee wakaomba sehemu moja irukwe kwa heshima ya watu waliopo hapa, lakini wifi yangu Theodosia, mjane wake, akajibu kwa utaratibu kabisa, "Mkiiruka hiyo, mtakuwa mnamzika mtu mwingine," wazee wakakubali, kwa hiyo nitasoma yote.

Anatoli Nzeyimana alizaliwa tarehe 14 Mei 1941 katika kitongoji cha Nyamivuga, wilayani Ngara, upande ule ambao asubuhi yenye utulivu husikika maporomoko ya Rusumo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ntakirutimana, aliyetutoka mwaka 1959, na Mama Rozalia, ambaye kifo chake kitasomwa mahali pake. Mama yetu alikuwa fundi wa kupamba kuta, na wenye umri wangu mnaikumbuka nyumba yake, kwani kila mwaka baada ya mavuno alikanda samadi ya ng'ombe na majivu, akainua kwa vidole matuta membamba ukutani, akayapaka weusi wa masizi yaliyokorogwa na maji ya ndulele, wekundu wa udongo wa bondeni na weupe wa udongo wa mtoni, mpaka watu waliokuwa wakienda gulioni wakakunja njia waje kutazama tu. Anatoli alianza kwa kumshikia bakuli, na alipofika umri wa miaka sita mama akampa kona iliyo nyuma ya mlango, mahali mgeni hapaoni, akamwambia, "Mwana wanje, mwanangu, hapa kosea unavyotaka," naye akakosea pale mwaka mzima, akibandika na kubandua, hadi siku mama alipofunga mlango akaitazama ile kona kwa muda mrefu, kisha akamkabidhi ukuta wa sebuleni.

Mwaka 1950 alianza shule ya msingi ya misheni, akaendelea na shule ya kati na kumaliza darasa la nane mwaka 1957, na huko alimkuta Mwalimu Nshoma, marehemu sasa, ambaye alikuwa akichora ramani ubaoni bila kutazama kitabu, na ambaye alimweka Anatoli mbele ya mtungi mmoja wa maji muhula mzima, akikataa kila mchoro, kwa sababu kijana alikuwa anachora mitungi ya nyumbani kwao, mizima na ya duara, hali ule wa darasani ulikuwa na ufa na umekaa upande. Mwalimu alimwambia, "Sikukuuliza mitungi ikoje, nimekuuliza huu ukoje," na kaka yangu alinisimulia kwamba siku alipouona ule mtungi kwa mara ya kwanza, yaani kuuona kweli pamoja na ufa wake, alitambua kuwa vitu vyote alivyokuwa amevichora mpaka hapo vilikuwa vya kubuni.

Januari 1958 alikwenda Biharamulo, akapokelewa na Fundi Idi Malongo, mchora vibao aliyekuwa na kibanda karibu na soko, mtu wa swala tano na maneno machache, ambaye alimkataza kugusa rangi mpaka ajue kuvuta mstari ulionyooka kwa mkono mtupu akiwa amesimama juu ya ngazi. Huko alijifunza herufi, kivuli cha herufi, kuchanganya rangi za mafuta na kufunga brashi za manyoya ya mbuzi, akapaka vibao vya bucha na vya mafundi cherehani, akaandika majina ubavuni mwa mabasi, ila nyuso za watu zilimshinda, hata simba aliyewahi kumchora mlangoni mwa hoteli moja watu walimwita mbwa wa Malongo, naye akacheka pamoja nao na kurudi kwenye herufi zake.

Tarehe 12 Septemba 1964 alifunga ndoa na Theodosia, nao wakajaliwa watoto wanne, mkubwa akiwa binti yao Eustakia, aliyezaliwa mwaka 1965, na wadogo zake watatu wa kiume, wote wazima, wote wamekaa mbele yenu.

Lilipotangazwa Azimio la Arusha kazi zilimjaa, kila ofisi ikitaka maneno ukutani, naye aliyapaka kwa moyo wote, kwa maana kaka yangu aliamini ujamaa, aliamini kila herufi aliyoipaka, na asije mtu leo akasema kwamba Anatoli alikuwa mpinga maendeleo. Agosti 1974 aliletewa mbao apake kibao cha kijiji kipya, akasoma jina akakuta ni kijiji cha kwao, Kijiji cha Ujamaa Tumaini, ambako watu wa Nyamivuga tulitakiwa kuhamia, akafurahi, akakipaka kibao hicho kwa uangalifu kuliko vyote alivyowahi kupaka, pembeni akazungushia mapambo ya mama, meusi na mekundu, akakisafirisha kwa lori ili mama akifika akute ameshapambiwa.

Sasa nasoma ile sehemu.

Tarehe 17 Oktoba 1974, siku ya Alhamisi, mvua ikiwa inanyesha tangu alfajiri, aliyekuwa akiongoza operesheni ya kuhamisha watu huku kwetu alifika nyumbani na mgambo wake, na kiongozi huyo ni Mzee Privatus Bukuru, ambaye leo amefika, amekaa upande wa kushoto wa Baba Padre. Mama alikuwa kitandani akiugua kifua, mimi nikapiga magoti tope likanifika mapajani, nikamwomba amwache hadi Jumapili wajomba waje wambebe kwa machela, naye akanijibu, "Mgonjwa na mzima wote ni wananchi wa kijiji kipya," akaingia ndani yeye mwenyewe, hakumtuma mgambo, akashika blanketi la mama akalivuta, mama akatolewa nje akiwa na shumizi tu, mbele ya wakwe zake na wajukuu zake, mwanamke ambaye hata sisi mabinti zake hatukuwahi kumwona bila kitenge. Nilimwomba basi blanketi, akalitupa ndani, kisha nyumba ikatiwa moto, na zile kuta ambazo watu walikunja njia kuzitazama zikapasuka na kuanguka mapambo yakiwa bado yanaonekana. Mama alifariki huko Tumaini siku ya tatu, chini ya paa la nyasi lenye nguzo nne na lisilo na ukuta, na kutoka mahali alipolala kibao cha mwanawe kilikuwa kinaonekana.

Anatoli alifika tumekwisha kumzika. Machi 1975 walikuja wageni kutoka wilayani kuuliza kama uhamisho ulikwenda salama, ukaitishwa mkutano wa hadhara, na Mzee Bukuru akasimama akaeleza kwamba hakuna aliyedhurika, na kuwa Mama Rozalia alifariki kwa uzee, nyumbani kwake, kabla operesheni haijaanza. Sote tuliokuwa tumeona tulitazama chini, kwa sababu mgambo walikuwa wamesimama nyuma yetu, na aliyesimama ni Anatoli peke yake, akasema, "Mama yangu alifia mvuani," Mzee Bukuru akamuuliza kwa upole mbele ya wageni, "Wewe ulikuwepo? Uliona kwa macho yako?" naye hakuwa ameona, akakaa chini, na baadhi ya watu wakacheka. Njiani kurudi aliniambia, "Nitamweka mahali asipoweza kutoka," nikadhani anazungumzia gereza au mganga, nikaogopa, kumbe alikuwa anazungumzia kazi yake.

Ndipo alipoanza kujifunza nyuso, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Mchoro wake wa kwanza wa Mzee Bukuru ulikuwa na meno marefu na macho mekundu, akampelekea Fundi Malongo, mzee akautazama akacheka, akamwambia, "Hili ni zimwi, na zimwi halipo, nani atalishtaki? Chora mtu." Kaka alikasirika, akaacha kuzungumza naye kwa majuma kadhaa, lakini neno hilo lilimkaa, akaelewa kuwa kisasi chake kingehitaji uvumilivu kuliko hasira, kwamba lazima amtazame adui yake kama alivyoutazama ule mtungi, bila kumwongezea wala kumpunguzia. Basi kila siku ya gulio alipopata nafasi alipanda basi kuja Ngara, akakaa kwenye kibaraza cha muuza chumvi na kumtazama Mzee Bukuru akipita, akinywa pombe, akibeba wajukuu, akicheka, mpaka akalijua lile kovu la kwenye nyusi ya kulia, namna anavyoinamisha kichwa anaposikiliza, na zile kalamu mbili za mfuko wa shati, na siku za kazi akafanya mazoezi kwa abiria wa stendi ya Biharamulo, akiwachora kwa mkaa kwenye maboksi. Aliwahi kuniambia kwamba jambo lililomchukua miaka ni kukiri kwamba Mzee Bukuru ana uso mzuri, na kwamba alipokubali kuuchora ukiwa mzuri ndipo ulipoanza kufanana.

Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya nduli yalipovamia nchi yetu, Anatoli alikwenda vitani pamoja na mgambo wa Biharamulo, akapita Kyaka, akavuka mpaka, akafika Masaka na kuendelea mbele, akibeba makombora ya mizinga mchana na kuchora wenzake jioni, kwa penseli, kwenye makaratasi ya pakiti za sigara. Karibu na Lukaya alipigwa risasi akafa rafiki yake mmoja aitwaye Shibuda, kijana wa Biharamulo, na kwa kuwa mwili haukuweza kurudishwa, Anatoli alikaa kando yake akamchora alivyokuwa, amefumba macho, na vita vilipokwisha mwaka 1979 jambo la kwanza alilolifanya kabla ya kufika kwake ni kumpelekea mama yake Shibuda karatasi ile. Mama yule alikuwa amekataa miezi yote hiyo kuamini barua ya serikali, lakini alipouona mchoro alikaa chini, akapitisha kidole shavuni mwa mwanawe, akasema, "Ni yeye, alikuwa amechoka," akaomba watu waanze matanga, na kaka yangu akarudi nyumbani akijua kwamba mkono wake umeiva.

Mwaka 1980 tulianza kujenga kanisa hili la kigango kwa matofali yetu wenyewe, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mzee Bukuru, na kwa wakati huo watu walikuwa wamekwisha kusahau aliyoyafanya, au walikuwa wanajifanya kusahau, na alipotafutwa wa kuchora Njia ya Msalaba ukutani ni yeye mwenyewe aliyesimama kikaoni akasema, "Tuna kijana wetu Anatoli, kwa nini tutafute wa mbali?" Kaka aliletewa ujumbe huo Biharamulo, akafunga kibanda, akaja na brashi zake na binti yake Eustakia wa kumsagia rangi, akafanya kazi mwaka mmoja, vituo kumi na vitatu vikionekana na watu wakivisifu, kituo cha kumi akikifunika kwa jamvi, akisema bado hakijakauka.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 26 Februari 1982, kanisa likiwa limejaa, jamvi lilishushwa, na ninyi wengi mlikuwepo. Kituo cha kumi ni pale Bwana wetu anapovuliwa nguo, na Anatoli alimchora amesimama kwenye migomba, mvua inanyesha, anavuliwa blanketi la mistari ya kahawia, na anayelivuta hana kofia ya Kirumi wala mkuki, ana shati lenye mfuko, kalamu mbili, kovu kwenye nyusi ya kulia, ameinamisha kichwa kama mtu anayekusikiliza. Padre alitangaza kituo, tukapiga magoti, na hakuna aliyejibu sala, ila mama mmoja jirani yetu, ambaye mwaka 1975 alikuwa ametazama chini pamoja nami, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ni yeye, na lile ni blanketi la Rozalia," halafu mwingine akasema, na mwingine, watu wakaanza kusimulia pale pale kwenye magoti yao yale waliyoyaona miaka saba iliyopita, nami nikasimulia ya kwangu, na Mzee Bukuru akatoka kwa mlango wa pembeni.

Baada ya siku chache alikwenda kwa Padre wa wakati ule kuomba picha ifutwe, Padre akawaita wote wawili, mimi nikamsindikiza kaka, na Padre akamuuliza Anatoli, "Huyu uliyemchora ni nani?" naye akajibu, "Ni askari, Padre. Kama kuna anayemfahamu, aseme amemfahamia wapi." Padre akamgeukia Mzee Bukuru, akamwambia, "Haya mzee, tuambie," na Mzee Bukuru akavaa kofia yake, kwa sababu kuulalamikia uso ule kulikuwa ni kuikiri siku ile, akaondoka bila kuaga, na picha ikabaki. Tangu hapo watoto wakampa jina la Kituo cha Kumi, uchaguzi wa kigango ulipofika hakupata kura, na kila Ijumaa ya Kwaresima wajukuu zake wamekuwa wakipiga magoti mbele ya uso wa babu yao na mkono wake uliokamata blanketi.

Mtaniuliza kama kaka yangu alipata raha, nami nitawajibu kama nilivyoona. Alipata raha mwaka ule wa kwanza, alikuwa akiingia kanisani siku za kazi na kukaa peke yake akiitazama picha, akitabasamu, lakini baada ya hapo hakuchora tena kitu kingine, alikataa kazi za watu, na Theodosia alipomwambia, "Umemkamata, sasa mwachie ukuta, nawe upumzike," alimjibu, "Yeye hakumwacha mama hadi Jumapili." Hakusamehe, na sisi ukoo wake hatutasimama juu ya jeneza lake tuseme alisamehe.

Alianza kuugua Novemba 1983, akivimba miguu na uso, akatibiwa hospitali ya wilaya Biharamulo, ikaonekana ni figo, na Mei mwaka huu akaomba arudishwe nyumbani Ngara. Siku moja ya Juni, mchana, Mzee Bukuru alikuja na kibuyu cha maziwa, Anatoli akamwamkia kama anavyostahili mzee, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakaa, akasema, "Nimezeeka, Anatoli. Nibadilishie uso ule kabla hujaondoka." Kaka akamuuliza, "Lile jambo ulilifanya mbele ya nani?" akajibu, "Mbele ya watu," kaka akasema, "Basi kaliseme mbele ya watu, Jumapili yoyote, nami nitabebwa kwa machela nikaufute kwa mkono wangu." Mzee Bukuru akasema, "Ilikuwa amri kutoka juu," na Anatoli, ambaye siku hizo hata kugeuka alikuwa hawezi, akajiinua kwenye kiwiko, akamwambia, "Kuhama ilikuwa amri. Blanketi nalo waliliagiza?" Mzee akaondoka, maziwa tukayamwaga kwenye migomba, na Jumapili zote zilizofuata kaka aliagiza machela iwekwe mlangoni, watu wakitoka misa akawa ananitazama usoni tu nikiingia, nami nikatikisa kichwa.

Alifariki tarehe 9 Julai 1984, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, unamshukuru Fundi Malongo, ambaye pamoja na uzee wake na dini yake tofauti amesafiri kutoka Biharamulo na amelala nasi matangani, unawashukuru askari wenzake wa vita, mama yake Shibuda, majirani mliochota maji na kuleta kuni, wanakwaya, na Baba Padre. Tunamshukuru pia Mzee Privatus Bukuru kwa kufika, na hatusemi hivyo kwa kejeli, kwa maana yapo maagizo ya marehemu ambayo lazima ayasikie kwa masikio yake. Anatoli amemwachia Eustakia brashi zote, na amemwagiza kila mwaka kabla ya Jumatano ya Majivu aje kuhuisha rangi za kituo cha kumi, kovu kwa kovu, asiache lififie, na akizeeka amfundishe mwingine, lakini amemwagiza vile vile kwamba siku ambayo lile neno litasemwa hadharani na mwenye kulisema, aufute uso ule siku hiyo hiyo, bila kuongeza neno la lawama.

Baba Padre ametukubalia tusishushe jeneza mara moja. Tutasimama hapa kidogo, Eustakia yupo na brashi zake anazo, watu wapo, wa Nyamivuga wote, na sasa nakunja karatasi hii ili asiwepo wa kusema kwamba alikosa nafasi.

Kaka Anatoli, pumzika wewe kwa amani. Sisi tunamsikiliza Mzee Bukuru.